Mtamba wa Mwisho wa Baba Mdogo, kwa Pikapu hadi Kisegi

Tangu shule ifunguliwe mmeniuliza swali lile lile kwa namna nyingi: ni kweli niliendesha gari? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ni hili, na ninaliandika kwa sababu nimegundua kwamba kila nikilisimulia kwa mdomo ninatoka shujaa zaidi. Juzi Ouma wa bweni lile jingine alinisimulia habari zangu mwenyewe, na ndani yake nilikuwa nimevuka mto uliofurika nikishika usukani kwa mkono mmoja. Hakukuwa na mto. Kulikuwa na mtamba, kulikuwa na mama mkwe wa mtu, na kulikuwa na gia moja.

Kwa wale wasiomjua baba mdogo Okeyo: ni mdogo wake baba yangu, na ndiye mtu wa kwanza kijijini kwetu, nje kidogo ya Migori, kuwa na pikapu. Alipoileta alitangaza kwamba ni ya biashara. Ingepeleka karanga Homa Bay na kurudi na samaki. Nadhani imewahi kubeba karanga, ingawa sikuziona. Nilichoona ikibeba ni bibi harusi akilia, bibi harusi mwingine akicheka, maiti kadhaa, kwaya, kitanda cha chifu, mabati ya kanisa la Wasabato, na wiki iliyofuata mabati ya Wakatoliki, kwa kuwa padre alikuwa amesikia. Pikapu ni ya baba mdogo siku ya kutia mafuta. Siku nyingine zote ni ya jirani.

Sasa, baba mdogo alitaka kuoa. Msichana anaitwa Dorka, wa Kisegi, kule Gwassi ziwani, na alikuwa amekwisha kumkubali, jambo ambalo nilipomwona lilinishangaza sana. Baba yake, Mzee Samweli, ni mzee wa kanisa la Wasabato. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika wote isipokuwa mtamba mmoja, wa mwisho, na huyo alikuwa amekosa kufika Ijumaa mbili. Ijumaa ya kwanza pikapu ilikuwa imebeba maiti kwenda Kadem. Ya pili ilibeba kwaya. Mzee Samweli akatuma neno: Ijumaa hii, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, mtamba awe amepita langoni kwake kwa kwato zake mwenyewe. La sivyo, Jumapili angewasikiliza watu wa Sori, wenye mitumbwi na samaki, ambao kijana wao naye alimtaka Dorka.

Wazee waliopaswa kumsindikiza baba mdogo walikuwa wamekwenda mazishini. Mwanamume pekee aliyebaki nyumbani bila kazi nilikuwa mimi.

"Oduor," akaniambia, "leo hatubebi mtu. Hata awe chifu. Hata awe maiti."

"Hata dani?" nikauliza. Dani ni nyanya yangu, yaani mama yake.

"Hata wewe, usipofunga mdomo."

Ogwedhi, mahali nilipovaa koti la shule

Mtamba alinunuliwa Ogwedhi, kwenye soko la mifugo kule mpakani. Mambo ya kununua ninayaruka, hayana raha. Raha ilianza kulipopambazuka Ijumaa, tulipotaka kumpandisha.

Nilikuwa nimevaa koti la shule, lile lenye beji na maneno ya Kilatini, ili wakwe wajue kwamba ukoo wetu umesoma. Baba mdogo alirudisha pikapu kinyumenyume hadi kwenye kichuguu, ili mtamba apande kichuguu kisha aingie garini kama mtu anayeingia kanisani. Mtamba akapanda kichuguu vizuri. Juu ya kichuguu akasimama, akaangalia nchi.

Mwenye kumuuza, Mkuria mmoja mrefu aitwaye Mwita, alikuwa ameshika kamba upande wa mbele. Mimi nikaona kazi inachelewa. Nikazunguka nyuma, nikaweka mabega, nikasukuma.

"Wewe mwanafunzi," Mwita akasema polepole, "shule yenu wanafundisha mtu kusimama hapo?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la kumweka mahali pake, na mtamba akajibu yeye. Ilinipata kuanzia kwenye beji hadi kwenye viatu. Halafu, akiwa amepata nafuu, akaingia garini mwenyewe bila kusukumwa na mtu.

Mwita alinifuta kwa majani, kwa upole kama mama, huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Usioge," akanishauri. "Sasa ataona wewe ni ndugu yake."

Ogwedhi hadi Homa Bay, na godoro la mwalimu

Nilipangiwa kukaa nyuma na ndugu yangu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hafanyi chochote. Baba mdogo aliendesha akiwa ameuma meno, na kila aliyetupungia mkono barabarani alipata honi badala ya gari. Wengine walitukana. Wengine walidhani ni msiba, wakavua kofia.

Hilo liliendelea hadi Uriri. Hapo kando ya barabara alikuwa amesimama mwalimu aliyemfundisha baba mdogo kusoma, na pembeni yake kitanda, meza, na godoro lililofungwa kwa kamba. Alikuwa amehamishiwa Homa Bay.

"Okeyo," akasema, bila hata kuinua mkono. "Nilijua utapita."

"Mwalimu, leo nina haraka. Nina ng'ombe."

"Ninamwona. Ng'ombe hatumii kitanda. Kitanda kitakaa juu, ng'ombe atakaa chini."

Baba mdogo alinitazama kwenye kioo kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kumzuia. Kisha akashuka, akashika mguu mmoja wa kitanda.

"Ni mwalimu tu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mwalimu si mtu."

Mwalimu akakaa mbele. Mimi nyuma nikabaki na mtamba, meza, kitanda kilichopinduliwa, na godoro. Godoro lilikuwa zuri. Nililala juu yake nikiangalia mawingu, na nakiri kwamba kuanzia hapo hadi Rongo nilikuwa mtu mwenye furaha. Rongo mwalimu alitusimamisha asalimie mtu, naye yule mtu akawa na watu wake wa kusalimiwa, tukanywa chai na mandazi tukiwa tumesimama. Niliporudi mtamba alianza kuninusa ubavuni. Akaninusa muda mrefu, kwa upendo, akipumua kwa nguvu karibu na kwapa langu. Nikakumbuka maneno ya Mwita. Nikamwambia, "Ndiyo, ndugu yangu, hata mimi nimechoka," nikalala usingizi.

Tulipofika Homa Bay niliamka nikiwa nimelala juu ya mbao za gari. Chini yangu kulikuwa na gunia tupu. Lilikuwa bado limefungwa kamba vizuri sana.

Mwalimu aliliinua, akalitikisa, akachungulia ndani ya tundu lililokuwa ubavuni. Mtamba alikuwa akitafuna kwa utulivu, macho yamefumbwa nusu.

"Oduor, uko darasa gani?"

"Kidato cha pili, mwalimu."

"Godoro hili lilijazwa nyasi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na huyu ni ng'ombe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kidato cha pili," akarudia, akamgeukia baba mdogo kama mtu anayempa pole.

Kwa hiyo mnaposikia kwamba niliona mji wa Homa Bay, jueni nilichoona. Niliona nyasi za ufukweni. Nilizikata kwa panga la kuazima, nikazianika juani, nikazijaza guniani, nikalishona tundu kwa sindano ya magunia huku wachuuzi wa samaki wakikusanyika kuniangalia. Mama mmoja aliuliza kama ni adhabu ya shule. Mwingine akasema hapana, labda ndiye anayeoa. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa akitembea huku na huku, akitazama jua ambalo sasa lilikuwa limekaa juu ya vichwa vyetu. Tulikula samaki aina ya ngege na ugali bila kukaa, mchuzi ukanidondokea kwenye beji, na nikaona afadhali, angalau harufu zitapigana.

Lambwe, kwenye kizuizi cha mbung'o

Ukitoka Homa Bay kwenda Gwassi unapitia bonde la Lambwe, na Lambwe ina mbung'o, wale nzi wanaoleta ugonjwa wa malale. Basi barabarani kuna kizuizi, na kizuizini kuna mtu mwenye kaptura ya kaki na wavu mdogo wenye mpini, na huyo mtu hafanyi mzaha. Kila gari hukaguliwa lisije likavusha mbung'o.

Baba mdogo alimsihi. Alimwambia habari za Dorka, za jua, na za Sori. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kukagua magurudumu. Akakagua chini ya viti. Akapanda nyuma, akamkagua mtamba masikio, kwapa na chini ya mkia, taratibu, wavu ukiwa tayari hewani.

"Ng'ombe huyu ni safi," akasema.

Baba mdogo akawasha gari.

"Lakini huyu hapana." Alikuwa akinitazama mimi. "Usitikisike, kijana."

Aliupitisha wavu mgongoni kwangu mara moja tu, akanionyesha. Mbung'o wawili, wanono. Walikuwa wamelipenda lile koti, na hakuna anayeweza kuwalaumu.

Mtamba akapita. Aliyezuiwa ni mimi. Niliingizwa kwenye kibanda cha nyasi chenye giza, nikanyunyiziwa dawa kwa bomba la mkono mpaka nikapiga chafya, halafu nikaambiwa nisubiri humo. Kupitia upenyo nilimwona baba mdogo akipima jua kwa vidole dhidi ya kilima. Nilipotoka, yule bwana wa wavu aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaniuliza jina la shule yetu. Nilimtajia shule nyingine. Mnaijua ni ipi.

Njia ya Magunga, na watu wawili wasioweza kutazamana

Sasa hapa ndipo mnapotaka kufika.

Tulikuwa tumeanza kupanda milima ya Gwassi, jua limeshaanza kuegemea upande wa ziwa, na nilikuwa nimehamia mbele kwa kuwa mtamba naye alianza kupiga chafya kwa ajili ya ile dawa. Kwenye kona tukamwona mama ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, mguu mmoja ameunyoosha, kikapu pembeni. Alituinulia mkono.

"Hatubebi," nikasema, nikidhani nasaidia.

Baba mdogo alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Halafu akateleza chini ya usukani mpaka nikabaki naona kofia tu.

"Yawa," akanong'ona. "Ni mama yake Dorka."

Ninyi mliokulia mjini nitawaeleza. Kwetu, mwanamume hamtazami mama wa mchumba wake usoni. Hampi mkono, hakai naye kiti kimoja, hali naye. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Siku itakuja ya kukaribishwa kwa heshima zote, lakini siku hiyo ng'ombe hawadaiwi. Mwanamume akikaa ubavu kwa ubavu na mama mkwe kabla ya hapo, hiyo ndoa watu wataizungumza mpaka wajukuu waisikie.

Yule mama naye alikuwa amelitambua gari. Alijivutia leso usoni, akageukia kichaka. Wote wawili wakabaki hivyo, mmoja amejificha chini ya usukani, mwingine anazungumza na majani, na katikati mimi.

"Mtoto," mama akaliambia jani, "mwambie mwenye gari kwamba nimeteguka mguu. Nilikuwa natoka kumwona dada yangu. Siwezi kutembea, na Sabato inaingia."

Nikainama. "Baba mdogo, mama ameteguka mguu."

"Nimesikia. Mwambie pole sana."

"Mama, anasema pole sana."

"Nimesikia. Mwambie nashukuru. Muulize gari yake ina nafasi gani."

Baba mdogo alitoa jasho. Yeye akiwa dereva, mama hawezi kukaa mbele. Mama akipanda nyuma, atakuwa amemweka mama mkwe pamoja na ng'ombe. Tukimwacha, atakuwa amemwacha mama wa Dorka na mguu ulioteguka, jioni, milimani, halafu aende kuomba binti yake.

"Mwambie mama," akasema mwishowe, "mimi nitashuka nikae nyuma na mtamba. Yeye akae mbele. Lakini uliza kama nyuma na mbele ni nyumba moja ama nyumba mbili."

Niliuliza. Mama alifikiri. Nawaambia alifikiri kweli, kama hakimu.

"Nyuma hakuna paa," akaliambia jani. "Pasipo na paa ni nje. Yeye atakuwa nje, mimi nitakuwa ndani. Hakuna ubaya."

Tulifurahi wote watatu. Furaha ikakaa kidogo. Kisha baba mdogo akanitazama kutoka chini ya usukani, nami nikamtazama, na nikaona swali likimjia usoni kabla hajalitamka.

"Oduor. Wewe husema unajua kuendesha."

Sasa hapo msiseme nilidanganya. Niliamini. Nimeketi kando ya yule bruda wa misheni anayeendesha lori mara nyingi sana, na nimeiangalia miguu yake. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeiangalia kutoka upande mmoja.

Gia ya kwanza

Somo lilikuwa fupi kwa sababu jua lilikuwa fupi. Mama akiwa amegeuka, baba mdogo alipenyeza mkono, akaniwekea gia ya kwanza. "Wa kushoto ni klachi. Wa katikati breki. Wa kulia mafuta. Gia usiiguse. Nimeiweka mimi, ikae hapo hapo mpaka Kisegi." Akakimbilia nyuma, akajitia chini ya turubai. Mama akaingia akichechemea, akaweka kikapu mapajani, akasema sala fupi. Sikuombwa niseme amina, ila niliisema.

Pikapu iliruka kama chura, ikazimika. Ikaruka, ikazimika. Mara ya tatu iliruka ikaendelea, na nilikuwa nikiendesha gari.

Nawaambieni ukweli juu ya gia ya kwanza. Injini inapiga kelele kama inachinjwa, na wewe huendi popote. Tulipitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba gunia la mahindi, mlimani. Alitusalimia. Akauliza habari za nyumbani. Akatuacha.

Baba mdogo aligonga paa kutoka nyuma, kwa ngumi, mara nyingi.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema tunaenda vizuri, mama."

Kwa maana raha ya jambo hili, wenzangu, ni kwamba hakuweza kunitukana. Mama mkwe alikuwa akisikia. Nilimsikia akianza, "Wewe Oduor, nita..." halafu akameza, halafu akasema kwa sauti ya katekista, "Tafadhali, mtoto wangu, shimo." Sijawahi kuitwa mtoto wake kabla wala baadaye.

Mama alinipa kiazi kitamu cha kuchemsha kutoka kikapuni. Sikuweza kukipokea, mikono ilikuwa imeganda usukanini, basi akanilisha. Aliniuliza kama baba mdogo ni mlevi. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini basi Ijumaa mbili amekosa. Nikamweleza habari za maiti na kwaya.

"Hakuweza kukataa?"

"Hajui jinsi, mama. Hata leo alisema hatubebi mtu. Tumebeba mwalimu, meza, kitanda, na wewe."

Alimega kiazi, akatafuna. "Mwambie mwenye gari kwamba gari yake inatoa moshi," akasema.

Ilikuwa kweli. Tulisimama kwenye kijito, yaani niliizima kwa kusahau klachi. Baba mdogo akamwaga maji kwenye rejeta huku amelipa gari mgongo, mama akiangalia kilima. Jua sasa lilikuwa la rangi ya chungwa, na kilichobaki ni mteremko mmoja tu. Chini kabisa tuliona ziwa, na miti ya Kisegi, na boma la Mzee Samweli lililozungukwa na ua wa minyaa, na lango lake likiwa wazi. Watu walikuwa wamesimama langoni.

"Utasimama kabla ya lango," baba mdogo akanong'ona dirishani, jicho likiwa mbali na mama. "Nitamshusha mtamba hapo, aingie kwa kwato. Kabla ya lango. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa nimeipata hata hewa ya dereva sasa, kiwiko kimoja dirishani. Na hapo ndipo nilipofikiri kwamba katika wale watu langoni lazima Dorka yumo, na labda wasichana wengine, na kwamba haifai mtu wa kidato cha pili kuingia Kisegi akipitwa na mbuzi. Bruda wa misheni, kwenye mteremko, huvuta ile fimbo ya gia kuelekea kwake.

Nikaivuta.

Kelele zote zikaisha. Kulikuwa na kimya kizuri, na pikapu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ikaenda kasi. Mama akaacha kutafuna. Nyuma ngumi zilianza tena kwenye paa. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na nikaendelea kuikanyaga kwa imani, na ni baadaye nilipoelezwa kwamba nilikuwa nimekanyaga klachi.

Wale watu waliondoka langoni, jambo la busara. Lakini langoni kulikuwa na mtoto mdogo amesimama na kuku mkononi, hakuondoka, kwa hiyo nikakata kona.

Kisegi

Tuliingia kwa Mzee Samweli kupitia ua. Minyaa ilikatika pande zote, maziwa yake yakitapakaa kwenye kioo, na pikapu ikapanda rundo la samadi kando ya zizi, ikashindwa kulivuka, ikalala hapo. Hakuna aliyeumia. Mtamba alikuwa amesimama. Baba mdogo alikuwa ameshikilia pembe zake, na kusema kweli sijui nani alikuwa amemshika nani.

Mzee Samweli alikuja akitembea polepole, amevaa koti lake la Sabato. Aliangalia tundu kwenye ua. Aliangalia lango, ambalo hakuna kitu kilichokuwa kimelipitia. Akaangalia ziwa. Jua lilikuwa ukucha mwekundu juu ya maji, na tukiwa bado tunaliangalia sote, likaondoka.

"Sabato imeingia," akasema. "Hatuzungumzi ng'ombe."

Baba mdogo aliomba angalau mtamba ashushwe, maana hata Maandiko yanaruhusu ng'ombe aliyeanguka shimoni kutolewa siku ya Sabato. Mzee akafikiri, akakubali. "Lakini ameshushwa kwa huruma. Hajapokelewa."

Basi tukalala Kisegi bila kujulikana tumekuja kama nani. Jumamosi nzima tuliimba nyimbo kanisani. Baba mdogo alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa, na kila mama wa Dorka alipojikongoja kutoka jikoni, yeye alizunguka nyuma ya ghala. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniogopesha. Jioni aliniambia tu, "Ningekuwa nimemfunga kamba nikatembea naye tangu Jumanne, angekuwa amefika," akaendelea kuangalia maji. Nilitafuta mzaha wa kumpa. Sikuwa nao.

Dorka ndiye aliyeniletea chakula. Ni msichana mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, dada."

"Ua wetu ulikuwa umekukosea nini?"

Jumapili asubuhi Mzee Samweli alituita mbele ya nyumba, akakaa kwenye kiti, ndugu zake wawili pembeni. Watu wa Sori walikuwa wamesharipotiwa njiani.

"Okeyo," akaanza, "neno langu lilikuwa mambo mawili. Apite langoni. Aingie kwa kwato. Huyu amepita uani, kwa magurudumu. Mimi nimtangaze vipi mbele ya watu?"

Ndugu za mzee walitikisa vichwa. Nilitaka kusema kosa ni langu, lakini kila mtu pale alikuwa analijua tayari.

Sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, ambako baba mdogo hakuweza kumwona aliyesema.

"Samweli."

"Naam, mama Dorka."

"Mimi pia nilipita uani. Kwa magurudumu. Nirudi barabarani?"

Kuku walikuwa wakiparua kwenye lile tundu. Mzee alikohoa, akamtazama ndugu yake mmoja, ambaye ghafla alikuwa ameona kitu kwenye kiatu chake.

"Mtamba ni mzuri," Mzee Samweli akasema mwishowe. "Aliyebomoa ua aujenge."

Hivyo ndivyo baba mdogo alivyompata Dorka, wenzangu, na ndiyo sababu macho yangu yalikuwa mekundu shule ilipofunguliwa. Hakuna msichana niliyemlilia, kama ninavyosikia mnasema. Ni maziwa ya minyaa. Tulipanda vijiti vya minyaa siku nzima, yeye akipiga mluzi, mimi nikijipangusa.

Watu wa Sori walitukuta kwenye kazi hiyo. Walikuwa mzee mmoja na kijana wao, mwenye kofia nzuri na viatu vipya alivyovivua akavishika mkononi. Walituona tukishindilia udongo kwenye ua wa Mzee Samweli, wakamwona mtamba zizini, wakasimama.

"Wewe ni nani hapa?" yule mzee akamuuliza baba mdogo.

"Mimi ni mkwe," akasema. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka.

Walipewa uji, wakaketi kwa heshima, wakaambiwa. Yule kijana akamaliza uji wake. Walipoinuka mzee wake akaizunguka pikapu, ambayo tulikuwa tumeshaisukuma kutoka kwenye rundo la samadi, akagonga gurudumu kwa fimbo.

"Inakwenda Migori, hii?"

"Ndiyo, jaduong'," akasema, yaani mzee.

"Inapita Sori?"

"Hapana. Haipiti hata karibu."

"Miguu ya huyu kijana imekwisha," mzee akasema. "Ziwa lilichafuka, tumetembea tangu jana."

Baba mdogo aliangalia juu, akaangalia miguu ya yule kijana, iliyokuwa na malengelenge kweli.

"Pandeni," akasema.

Wakapanda nyuma, nami nikapanda nao. Dorka alikuja mpaka kwenye mlango wa gari akiwa na kikapu cha mayai ya kumpelekea dani. Alimtazama mchumba wake, akawatazama watu wa Sori waliokaa kwenye samadi ya mtamba, mmoja akiwa ndiye angemwoa.

"Okeyo, mwezi ujao ukija kunichukua, nitakaa na nani humo?"

"Siku hiyo ni wewe peke yako."

"Na dereva?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo, nyote mnanijua. Yule kijana wa Sori, mtu ambaye hakuwa amenena neno tangu afike na ambaye sikuwa nimemkosea chochote, aliniangalia macho yangu mekundu, akauangalia ua.

"Si huyu," akasema.